Mwaka Nilipopima Majalala

Bi Rukia amefariki. Habari nilizipata kwa simu ya binti yake, Somoe, asubuhi nikiwa darasani nawafundisha vijana kuchora ramani kwa kompyuta. "Mama katutoka, kaka," alisema. "Tumemzika jana. Ila alikuwa anakutaja sana. Njoo, walau kwenye arobaini." Nilitoka nje, nikaegemea ukuta wa korido, nikalia, mtu mzima na mvi zangu, huku wanafunzi wakichungulia mlangoni na kunong'onezana kwamba mwalimu kafiwa na mama. Niliwaacha waamini hivyo. Hawakuwa mbali sana na ukweli, na pia ni tabia yangu ya siku nyingi kuwaacha watu waamini jambo linalonipendeza mimi. Sura hii ni ya mwaka ambao tabia hiyo ilizaliwa, au ulionionyesha kwamba ninayo. Majina ya watu nimeyabadilisha, na la bonde pia, kwa sababu ambayo msomaji ataiona mwenyewe mbele.

Nilikuwa kijana mwembamba, nimetoka chuo na cheti cha upimaji na ramani, na nilikuwa na kiburi cha mtu anayejua kitu ambacho wengine hawajakisikia. Kazi niliyopewa ilikuwa ya mkataba wa mwaka mmoja. Tulitakiwa kupima majalala yote ya kiholela katika mji wa Nachingwea na mji wa Ruangwa, kila rundo la taka liwe nukta kwenye ramani, kisha kutokana na ramani hizo tupendekeze mahali pa kujenga dampo moja la Ruangwa. Tulikuwa wawili, mimi na Kasiani, kijana wa Kikatoliki aliyekulia karibu na misheni, mcheshi, mwendesha pikipiki hodari, ambaye maneno yote ya mjini Dar es Salaam alikuwa ameyajua kwa redio kabla hajafika huko. Msimamizi wetu alikuwa Bwana Temu, mtu wa suruali iliyonyooshwa hata porini. Kila mmoja wetu alikuwa na GPS yake, kifaa cha manjano kinachotosha kiganjani. Ukisimama mahali, ukasubiri kikamate satelaiti, ukabonyeza kitufe cha kuhifadhi, kinakuandikia namba za mahali pale, na kwa namba zile mtu yeyote anaweza kurudi hapo hapo hata baada ya miaka. Leo kila simu inafanya kazi hiyo na hakuna anayeshangaa. Wakati ule watoto walitufuata mitaani wakituita "jipiesi, jipiesi", na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Nachingwea tulipanga chumba kimoja nyuma ya soko. Kilikuwa na dirisha dogo lililotazama choo cha jirani, vitanda viwili vya kamba, na bati lililopata moto tangu saa nne asubuhi. Chakula chetu kilikuwa ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga, tulichonunua kwa mama mmoja aliyepika barazani pake, na jioni tulikaa juu ya vitanda tukihamisha nukta kutoka kwenye GPS kwenda kwenye kompyuta huku jasho likitudondoka kwenye vitufe. Ukuta uliotutenga na mwenye nyumba ulikuwa wa udongo na haukufika juu, kwa hiyo tulisikia kila neno lao. Mara moja mke alimuuliza mumewe sisi tunafanya kazi gani hasa. Mume alifikiri kidogo, kisha akamjibu: "Wanapima takataka. Wamesoma, wamesoma, mpaka wamefikia kwenye taka." Kasiani alijifunika shuka usoni asicheke kwa sauti. Mimi sikucheka, niliudhika, nikakaa siku mbili bila kumwamkia yule mzee vizuri. Nikikumbuka sasa naona alikuwa na haki ya kuuliza, maana hatukuwahi kumweleza mtu yeyote wa mtaa ule ramani ile itamletea nini.

Tatizo letu kubwa Nachingwea lilikuwa kwamba jalala halikuwa na mwenyewe. Ukimuuliza mtu taka za mtaa huu zinatupwa wapi, alikuelekeza mtaa wa pili. Ukifika mtaa wa pili, walikuonyesha ulikotoka. Kulikuwa na rundo kubwa kando ya tuta la reli ya zamani, maganda ya mihogo, mifuko, nepi, betri za redio, na watu wa pande zote mbili za tuta waliapa kwamba wao hawatupi pale, wanatupa wale. Tena mwenyekiti mmoja wa mtaa, aliposikia wageni wanakuja kupima, aliwaamsha watu wake alfajiri wakafagia, wakachoma, wakamwaga mchanga juu. Tulipofika tulikuta uwanja umepigwa ufagio mpaka michirizi inaonekana, na mwenyekiti amevaa kanzu nyeupe akitukaribisha chai. Ndivyo watu wa kwetu tulivyo, mgeni hakuti uchafu nyumbani. Kasiani alisema, "Oya, hapa tuandike nini sasa, au tuandike chai?" Bwana Temu hakucheka. Alituita, akatutolea kanuni ambayo niliishika kama sala: "Mnaandika mnachokiona kwa macho yenu. Mnachoambiwa hakiingii kwenye fomu. Watu wanasema lolote." Nilikubali kwa moyo wote, kwa sababu ilikuwa kweli kwamba watu walikuwa wanasema lolote. Na kanuni hiyo ilinipa raha nyingine ambayo sikuitaja kwa mtu, ya kutohitaji kumsikiliza yeyote.

Tulihamia Ruangwa mvua zikiwa zimekolea. Kasiani alipata chumba kwa ndugu zake, na mimi nikapelekwa kwa Bi Rukia, mjane aliyeishi pembezoni mwa mji, upande ambao nyumba zinapungua na mikorosho inaanza. Asubuhi aliuza uji na vitumbua stendi, kwa abiria wa mabasi ya Lindi na Dar es Salaam, na akirudi alishinda shambani. Chumba alichonipa kilikuwa cha kuwekea ufuta. Kuta zake zilinuka mafuta ya ufuta wa mwaka uliopita, na kwenye kona kulikuwa na kinu kilichopasuka ambacho hakutaka kukitupa, nami nikakifanya meza ya kompyuta. Sijawahi kukaa mahali palipotulia namna ile. Alinipikia mbaazi za nazi, na siku nyingine aliniletea ming'oko iliyochemshwa kwa chumvi, ile mizizi myembamba ya porini ambayo unaimenya kwa meno, akanitazama ninavyohangaika nayo. "Baba, unaila au unaipima?" alinitania. Binti yake Somoe alikuwa amelelewa na shangazi yake Mandawa, akaolewa huko huko, na alikuja mara moja moja na mtoto mgongoni. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu wawili, na polepole niliacha kujiona mpangaji.

Kwenye nyumba ile nilisikia habari za visima kabla sijaviona. Wanawake walikuja jioni kusuka ukili uani, wakiongea Kimwera na Kiswahili kwa kuchanganya, na mimi chumbani nilisikia majina ya watu yakitajwa pamoja na maneno kama "juu ya kile cha fulani" au "chini ya cha marehemu". Nilidhani wanaongelea makaburi. Kumbe walikuwa wanaongelea bonde la Mtimbo, lililokuwa nyuma ya mashamba yao. Bondeni kuna korongo linalojaa maji ya mvua, kisha linakauka na kubaki mchanga mtupu. Mchanga ukikauka wanawake wanashuka, kila mmoja anafukua mahali pake kwa bakuli, na kwa kina cha mkono au kidogo zaidi maji yanatokea, safi, ya baridi, na ndiyo wanayokunywa mpaka mvua inaporudi. Mvua ikirudi korongo linafukia visima vyote. Mwaka unaofuata kila mwanamke anarudi pale pale pake, kwa kuangalia mti au jiwe, na hakuna anayechimba pa mwenzake. Mahali hapo mama anamwachia binti. Mwanamke asiye na mahali pake anaomba kuchota kwa mwingine, na kuomba huko, nilivyowasikia wakisema, kunamfanya mtu apunguze sauti.

Bi Rukia alipojua kazi yangu ni kuweka vitu kwenye ramani, aliniambia nikapime na kisima chake. Nilikwenda naye siku moja mvua ilipopumzika. Alitangulia, kanga kaipandisha magotini, nami nyuma na buti zangu na fomu kwenye mfuko wa plastiki. Tulifika kwenye mkuyu mmoja ulioinamia korongo. Chini palikuwa na maji mekundu yanayokwenda kasi, yamebeba majani na povu, na majani marefu ukingoni yaliyonifika kifuani. Bi Rukia alihesabu hatua kutoka kwenye shina, akasimama ukingoni, akanyoosha kidole katikati ya yale maji. "Hapo. Cha mama yangu hicho, na cha bibi yangu. Nitampa Somoe." Nilitazama. Nilichokiona kilikuwa maji machafu ya mvua. Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja: chanzo cha maji ya kunywa kinachoonekana, kipo au hakipo. Niliandika hakipo. Yeye hakujua nimeandika nini, alikuwa anaitazama GPS. "Bonyeza basi," aliniambia. "Bonyeza, mashine ikijue." Ilikuwa rahisi sana kubonyeza kitufe cha kuhifadhi. Nukta ingeingia, ningeipa jina, na kama Bwana Temu angeiulizia ningemweleza. Lakini nukta isiyo na fomu ingeniharibia hesabu zangu, na mvua ilikuwa inaanza tena. Nikabonyeza kitufe cha taa. Kioo kikawaka kijani, Bi Rukia akapiga makofi mawili madogo, akasema, "Haya, sasa kimeandikwa." Nikamwambia ndiyo.

Nimejaribu kwa miaka kujieleza kwamba ulikuwa ni uungwana, kwamba nilikuwa namridhisha bibi. Watu wengi tunadanganya hivyo na hakuna anayeumia. Lakini mimi nilikuwa na kazi moja tu duniani mwaka ule, kuandika mahali vitu vilipo, na pale pekee ambapo mtu aliniomba nifanye kazi hiyo kwa ajili yake, sikuifanya.

Msomaji asiyejua mambo yetu anahitaji kuelewa namna ramani inavyochagua. Unachukua tabaka la nyumba, yaani ramani inayoonyesha nyumba tu, unaambia kompyuta iondoe kila mahali palipo karibu na nyumba. Unachukua tabaka la mito inayotiririka mwaka mzima, unaondoa ukanda mpana pande zote. Visima vya kunywa, ukanda mpana zaidi. Makorongo ya msimu, ukanda mwembamba tu, kwa sababu yanahesabiwa kuwa njia ya mvua. Unaondoa miteremko mikali, unaondoa palipo mbali na barabara, na panapobaki pamepakwa rangi ya kijani ndipo panafaa. Nilikamilisha kazi hiyo mchana mmoja ofisini, feni ikizunguka bila kuleta upepo, Kasiani akila embe kando yangu. Kijani kilichobaki kilikuwa kidogo. Kipande kizuri kuliko vyote kilikuwa shimo la moramu lililoachwa na watengeneza barabara, kubwa, karibu na njia ya magari, lisilo na mwenyewe. Lilikuwa juu ya Mtimbo, kwenye mteremko unaoshukia korongoni. Nililitambua mara moja. Kasiani naye aliinama, akafuta mikono kwenye suruali. "Si uliniambia bibi yako ana kisima kule chini?" Nikamjibu nilichokiona ni maji ya mvua. "Kisima kimoja tu kikiwekwa pale, hicho kijani kinafutika," alisema. Nilijua. Nilikuwa nimeshalijua hilo kabla hajamaliza embe lake. Lakini mlango ukafunguliwa, Bwana Temu akaingia, akaona rangi kwenye kioo, akanipiga begani. "Hapo sasa! Ramani imesema." Hakuwa amenisifia tangu tuanze kazi. Nikaihifadhi ramani kama ilivyo, na Kasiani akanitazama, kisha akatoka kunawa mikono.

Mkutano wa wananchi ulifanyika wakati wa kuvuna ufuta, na watu walikuja wamenuna kwa kutolewa mashambani. Bwana Temu aliibandika ramani kwenye ubao wa shule ya msingi, akaeleza vizuri, sina budi kusema hivyo. Alipofika kwenye shimo la moramu, upande wa wanawake ukaanza kuvuma. Bi Rukia alisimama. Hakuwa msemaji wa mikutano, Kiswahili chake cha hadhara kilikuwa cha kutafuta maneno. "Pale chini tunakunywa," alisema. "Taka zikioza juu, zinashuka. Mimi kisima changu kipo pale. Na siyo maneno yangu. Huyu mwanangu alikwenda na mimi, akakipima kwa mashine yake. Mwulizeni yeye." Akanionyesha kwa mkono wote, kwa fahari, kama mtu anayeonyesha mgeni wake. Watu wakageuka. Bwana Temu akageuka pia. "Haya, kijana. Fomu yako inasemaje?" Nilikuwa nimesimama karibu na ramani, na nakumbuka nilikuwa naangalia pini iliyoshika kona yake. Nikasema: "Wakati wa upimaji, chanzo cha maji hakikuonekana." Ndivyo nilivyosema, kwa Kiswahili cha ofisini, na kila neno lilikuwa kweli. Bi Rukia alinitazama, akamtazama Bwana Temu, akanitazama tena. Kisha akakaa chini, akajitengeneza kanga.

Jioni ile niliogopa kurudi nyumbani. Nilizunguka sokoni, nikanunua sukari ambayo hatukuihitaji, nikaenda. Nilikuta chakula kimefunikwa kwa kawa kama siku zote, na maji ya kunawa pembeni. Bi Rukia alikuwa anapepeta. Nilikula bila kuinua macho. Baada ya muda akaniuliza, kwa sauti ya kunihurumia, "Wakubwa wako wakali, eeh?" Kama angenitukana ningejua la kufanya, ningeomba radhi, labda ningemwambia habari za taa. Yeye alinifungulia mlango na mimi nikapita. "Wakali, Bibi," nilimjibu. Akaguna, akaendelea kupepeta, na hatukulizungumza tena.

Dampo lilianza kutumika kiangazi kile kile. Nilikuwa naenda kulikagua na Kasiani, nalijua lilivyokuwa: matrekta ya mji yakishusha taka za soko, na kwa kuwa ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho, watu walileta mifuko ya salfa na chupa za dawa, wakazitupa hapo kama walivyoelekezwa. Juu ya shimo palikuwa na unga wa manjano. Mvua moja isiyo ya msimu ilinyesha usiku kucha, na asubuhi michirizi ya manjano ilikuwa imefika kwenye mkuyu. Nilishuka peke yangu nikaiona. Mchanga ulikuwa umeshaanza kukauka na wanawake wawili walikuwa wamefukua. Maji yaliyotoka yalikuwa na utando unaong'aa na harufu ya kibiriti. Waliyaonja kwa ncha ya ulimi, wakayatema, wakajifunga kanga zao na kuondoka. Mwaka ule hakuna aliyekunywa Mtimbo. Walikwenda bonde la mbali, upande wa njia ya Narung'ombe, kwenye mchanga wa wanawake wengine, na huko walikuwa wanaomba. Bi Rukia aliondoka na ndoo kabla ya jua na kurudi jua likiwa kali, akawa haendi tena stendi na uji wake.

Mkataba wangu uliisha Novemba. Siku ya kuondoka aliniwekea mezani, juu ya kile kinu kilichopasuka, sahani ya ugali na kuku mzima wa kienyeji, na chupa ya maji ya dukani. Maji ya dukani, yeye ambaye hakuwahi kununua hata soda. Nilimwambia Bibi, haya ya nini, nipe ya mtungini tu. "Ya mtungini ya kuomba," alisema. "Sikupi mwanangu maji ya kuomba safarini." Nilikula kuku yule, nikanywa maji yale. Nilipanda basi, nikafika Dar es Salaam, ripoti yetu ikachapwa kwa rangi na kusifiwa, na kwa ripoti ile nikapata kazi, na kwa kazi ile nikapata nyingine, hadi hii ya kufundisha. Kila mwaka nilimtumia kanga wakati wa Idi. Kwenda sikwenda hata mara moja.

Kwenye arobaini ndipo nilipokwenda. Barabara sasa ni nzuri, nyumba zimeshika mpaka kwenye mikorosho, na ile ya Bi Rukia imepata bati. Wanaume walikuwa wamekaa mbele kwenye majamvi wakisubiri kisomo. Somoe alikuja kunichukua, mama wa makamo sasa, macho yale yale ya mama yake, akanipeleka uani palipotelekwa masufuria ya pilau, tukasimama pembeni ya kuni. Aliniambia mengi ambayo sikuyajua. Kwamba mama yake alipoanza kupoteza macho, yeye alirudi kutoka Mandawa kumtunza. Kwamba dampo limejaa, limefunikwa kwa udongo na kuhamishwa, na baada ya masika kadhaa kulisafisha korongo, kiangazi hiki wanawake wamethubutu kurudi Mtimbo. Maji yamepimwa na bwana afya, yanafaa. Kila mwanamke, au binti yake, amekwenda kufukua pake. "Mimi ndiye sina," alisema. "Mkuyu ulichukuliwa na mafuriko, korongo limehama. Tulimpeleka Mama akiwa hai, tukamshika mkono, akapapasa, hakuona kitu. Wenzake kila mmoja anakumbuka kivyake. Akatuambia, msigombane, subirini. Namba anazo yule kijana. Alibonyeza, mimi nilikuwa nimesimama pale. Waliofuta ni wakubwa wake. Kaka, alikutetea bonde zima, watu walipokusema vibaya. Alisema, mwanangu alikiandika." Akafungua pindo la kanga, akatoa karatasi iliyokunjwa na kalamu ya wino. "Sasa tupe hizo namba, na mimi nikafukue."

Nilikuwa na simu mfukoni yenye picha za satelaiti za kila mwaka. Ningeweza kukisia. Ningemwandikia namba za mahali popote katika mchanga ule na maji yangetoka, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Nilifikiria hivyo, sifichi, muda mrefu wa kutosha kwa yeye kunitazama usoni na kuanza kuelewa. Nikamwambia, "Nilibonyeza taa, Somoe. Taa tu. Sikukiandika. Na hakuna mkubwa aliyefuta."

Hakulia. Aliikunja karatasi ile, ikawa ndogo, ikawa ndogo zaidi. Mwanamke mmoja mzee alikuwa anakuja kutoka jikoni na wenzake wawili, wakinielekezea vidole na kunong'onezana. Somoe aliwaona, akanisogelea, akasema haraka, kwa sauti ya chini, "Usiwaambie. Hawa ndio aliogombana nao kwa ajili yako. Mama amelala kaburini akijua hakusema uongo. Sema mashine iliibiwa." Nikamuuliza, na kisima je? "Nitaomba kwao," alisema. "Mama si aliomba."

Wale wazee walitufikia. Yule wa mbele alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniangalia kwa karibu kama watu wenye macho dhaifu wanavyofanya. "Ndiye huyu, Somoe? Kijana wa Rukia? Aliyebonyeza?"

"Ndiye," Somoe alisema.

"Shikamoo, Bibi," nilisema. "Nilibonyeza. Mashine iliibiwa."

"Marahaba, baba. Rukia alituambia, na sisi tukambishia." Aligeuka akawaambia wenzake wasogeze sahani, huyu ametoka mbali. Niliketi walipoketi. Somoe aliniletea maji ya kunawa, akanimiminia bila kunitazama, nikanawa, nikala.